Madoa ya usoni: uanze na krimu ipi?

Karibuni. Hapa mezani nina krimu nne. Kabla sijafungua hata moja, chukua simu, simama dirishani bila vipodozi, ujipige picha: mbele, kushoto, kulia. Madoa hufifia polepole mno, na kioo cha kila siku kitakudanganya.

Sasa zigeuze tusome nyuma. Hii ya kwanza haina orodha ya viungo. Tupa. Na ukikuta neno calomel au herufi Hg, hiyo ni zebaki, inaharibu figo. Mkorogo nao usiuweke kwenye mashindano haya. Hakuna ajuaye kilichochanganywa humo.

Ya pili ni haidrokwinoni ya asilimia 4. Kwa nguvu, hizi nyingine haziifikii, ila ni dawa ya daktari. Usiku, paka kidogo juu ya doa lenyewe, si uso mzima. Miezi mitatu au minne, kisha pumzika. Wengi huharibikiwa hapa: wanaona doa limefifia, wananogewa, wanapaka mwaka mzima. Mwishowe ngozi inaingia weusi wa kijivu-buluu, na huo kuutoa ni kazi kwelikweli.

Ya tatu, asidi ya azelaiki, asilimia 15 hadi 20. Inawasha kidogo wiki za mwanzo na haina haraka. Lakini inatibu na chunusi zinazoacha hayo madoa, na mjamzito huruhusiwa kuitumia. Haidrokwinoni na tretinoini (dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A) aziache. Mimi ningeanza na hii.

Ya nne, niasinamidi ya asilimia 4 au 5, ni pole. Alama nyepesi za chunusi itazimudu. Melasma, yale mabaka ya mashavuni na juu ya mdomo, usiitegemee peke yake.

Umeshachagua? Moja tu! Ukipaka tatu na uso ukawaka, utamlaumu nani? Ijaribu kwanza ndani ya mkono kwa siku mbili tatu. Ikikubali, paka usoni, na picha nyingine upige baada ya wiki 12, dirisha lilelile, saa ileile.

Asubuhi, krimu ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Kwa melasma tafuta yenye rangi, kwa sababu oksidi za chuma zilizomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza mabaka. Kiasi chake: mistari miwili juu ya vidole viwili, kila mmoja urefu wa kidole kizima. Ukishinda nje, rudia kila saa mbili.