Mnunuzi Kwanza, Bango Baadaye

Mhadhara kwa wajumbe wa kamati za mazingira za mitaa, Jiji la Tanga

Mheshimiwa diwani, mtendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa, mama zangu na wajumbe wote, assalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Sitawaeleza kwa nini taka ni tatizo. Aliyepita kando ya mifereji ya Ngamiani siku ya mvua kubwa ameshaona. Kamati zenu zina msingi kisheria tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwa hiyo wala sitatetea kuwapo kwenu. Nataka tuanzie pale mambo yanapoharibika, maana yanaharibika palepale kila mara. Kamati inaundwa. Kikao cha kwanza kinajadili fulana na bango, cha pili kinajadili ndoo za rangi tatu. Cha tatu kinamtafuta mgeni rasmi. Hakuna kikao kinachouliza: tukishatenga taka kwa ajili ya urejelezaji, yaani zigeuzwe bidhaa tena, nani ananunua?

Nimelisema hili kata hii na kata ile, na leo nalisema tena. Chupa haigeuki mali kwa kutiwa kwenye ndoo ya bluu. Inageuka mali mtu anapoiweka kwenye mizani na kutoa pesa. Asipopatikana mtu huyo, mnachofanya ni kupanga taka vizuri kabla ya kuzipeleka dampo.

Basi kazi ya kwanza ya kamati ni kutembea. Wajumbe wawili wawili, na daftari, mwende kwa kila mwenye mizani: wa skrepa, wa makopo, wa maboksi. Msiulize bei tu. Ulizeni anachukua nini na hachukui nini. Ulizeni anataka iwe safi kiasi gani, anaanzia kilo ngapi, anafuata mwenyewe au mnampelekea, na analipa papo hapo au baada ya yeye kuuza. Hilo la mwisho limeua vikundi vingi. Kikundi kinakopesha mzigo wiki sita, wanachama wanachoka, guta la kubebea taka linapaki.

Halafu hesabu. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina gramu 15 hadi 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 hadi 65. Chukueni mtaa wa nyumba 300, kila nyumba itoe chupa 10 kwa wiki. Hizo ni chupa 3,000, yaani kilo 50 na ushee. Zikirundikwa zinatisha macho, lakini kwenye mizani ni kilo 50 tu. Sasa mnunuzi anakwambia gari lake haliji chini ya tani moja. Mtaa huo utasubiri zaidi ya miezi minne! Na chupa hizo zitakaa wapi miezi minne? Nyuma ya ofisi ya mtaa, mvua ikinyesha. Chupa isiyo na kifuniko inakusanya maji, na maji yaliyosimama ndimo mbu wa dengi anamotaga. Tanga tunaijua dengi, 2019 ilitutembelea. Ndipo afisa afya anapokuja kuamuru ziondolewe, naye yuko sahihi kabisa.

Mitaa sita ikiungana na ghala moja lenye paa, tani hiyo inafika ndani ya wiki tatu hivi. Kwa hiyo ghala ni la kata, na ukusanyaji ni wa mtaa. Msigeuze mpangilio huo kwa sababu kila mwenyekiti anataka cha kwake.

Usafi nao nauwekea mkazo. Chupa za wazi, yaani zisizo na rangi, zikae peke yake, za bluu na kijani peke yake. Ya wazi hupata soko kirahisi kwa sababu inaweza kutiwa rangi yoyote baadaye. Kifuniko kinatolewa, maana ni plastiki ya aina nyingine: kwenye maji kifuniko kinaelea, chupa inazama. Vifuniko vitiwe kiroba chake, navyo vinauzwa. Maji yamwagwe, chupa ibonyezwe ndipo iingie kwenye kiroba. Salfeti la chupa zisizobonyezwa linabeba hewa, na mwenye guta anawatoza nauli ya hewa hiyo. Na msivumilie mtu anayeacha maji au mchanga ndani ili kilo ziongezeke. Mnunuzi akiukuta mchanga mara moja, mara inayofuata anakata kilo kwenye mzigo wote, hata wa wale waliosafisha.

Najua kuna anayesema moyoni: hayo ni ya Ulaya, huku watu hawana elimu ya kutenga. Si kweli. Hakuna mama Makorora anayetupa sufuria iliyotoboka pamoja na maganda ya muhogo. Anaiweka pembeni kwa sababu anajua mtu wa skrepa atapita. Kilichomfundisha kutenga ni mnunuzi anayepita mlangoni. Hatukumchapishia kipeperushi.

Na hao wa Ulaya na Marekani yaliwakuta. Kule, katika miji mingi, baraza huteua tume ya wananchi wa kujitolea. Hawalipwi wala hawaamui, wanalishauri baraza, kazi inayofanana sana na yenu. Katika jimbo la New Jersey, sheria ya 1987 iliitaka kila manispaa iwe na mratibu wa urejelezaji. Walikuwa na magari na ndoo. Lakini mji mmoja baada ya mwingine ulizoea kutia kila kitu ndoo moja na kupakia melini kwenda China. Mwaka 2018 China ikafunga mlango kwa plastiki mchanganyiko, na kwa mizigo mingine ikataka uchafu usizidi asilimia 0.5. Baadhi ya miji ikabaki na marobota yasiyo na pa kwenda, mengine yakaishia kufukiwa au kuchomwa. Wenye fedha kutuzidi walikwama kwa kumtegemea mnunuzi mmoja na kupuuza usafi wa mzigo. Sisi tuwe na wanunuzi wawili kwa kila bidhaa, na bidhaa isiyo na mnunuzi tusiitaje kabisa kwenye matangazo. Vifuko laini vya ubuyu na vya barafu havina mnunuzi wa kuaminika hapa, basi msiwaambie watu waviweke.

Sasa taka mbichi. Hapa nawaomba mnisikilize hata mliochoka. Zaidi ya nusu ya kinachotoka majumbani mwetu ni mabaki ya jikoni: maganda, mboga, machicha, mabaki ya samaki. Chukulieni mtu mmoja hutoa nusu kilo ya taka kwa siku. Nyumba 100 za watu watano watano ni kilo 250 kila siku, na nusu yake peke yake ni kilo 125. Linganisheni na zile kilo 50 za chupa kwa wiki nzima kutoka nyumba 300. Kamati inayojiita ya urejelezaji na kushughulika na makopo tu imeliacha gunia kubwa na kulikimbilia dogo. Tena mbichi ndiyo inayochafua kavu. Boksi lililolowa mchuzi halinunuliwi.

Mbichi hiyo tunaigeuza mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza, na mboji haihitaji mtambo. Rundo lisipungue mita 1 kwa urefu, upana na kimo, likiwa dogo halipati joto. Sehemu moja mbichi, sehemu mbili kavu: majani makavu, randa za fundi seremala, maboksi yaliyochanwa. Finya konzi moja: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Yakichuruzika, ongeza kavu. Chomeka nondo katikati, iache dakika 10, ichomoe. Ikiwa ya moto, rundo linafanya kazi. Ligeuzwe kila wiki, na baada ya wiki 10 hadi 12 chekecha. Likinuka, hewa imekosekana au maji yamezidi, kwa hiyo ligeuze na uongeze kavu siku hiyohiyo, kabla jirani hajaenda kwa mwenyekiti. Masika lifunikwe. Machicha ya nazi yatiwe kidogo kidogo, maana yakirundikana yanagandamana na kuchacha, na kuku wanayapenda kuliko mboji. Makumbi yasitiwe, hayaozi kwa wakati wako. Samaki tuwaache nje ya rundo la mtaa, paka na panya watalifukua. Na kipande cha wembe au kioo kikionekana kwenye mboji, mkulima wa bustani hanunui tena.

Mtasema: tukitenga, gari la mzabuni, yule aliyepewa kazi ya kuzoa taka, litachanganya. Hoja hiyo ni nzito, na mtu akiona mara moja kiroba chake alichotenga kinamwagwa juu ya maganda, hatatenga tena. Jibu ni siku tofauti, hakuna haja ya magari mawili. Mbichi siku tatu kwa wiki, kavu siku moja, gari lilelile. Msitangaze kutenga kabla ratiba hiyo haijakubaliwa na mzabuni kwa maandishi.

Uhamasishaji nitaupita haraka kwa sababu muda umekwenda. Anzeni na anayepika. Baba anaweza kusaini daftari, lakini ndoo iko kwa mama au dada wa kazi. Nyumba zetu za vyumba sita na familia sita zina uani mmoja, basi kila nyumba iwe na ndoo moja ya mbichi, kiroba kimoja cha kavu, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Nendeni mlangoni mara mbili: siku tatu kabla ya mkusanyo wa kwanza, na mara tu baada yake. Ziara ya pili ndiyo inayofanya kazi, kwa sababu unafungua kiroba chake mbele yake na kumwonyesha kwa mkono kisichotakiwa. Msikitini baada ya Ijumaa, kanisani, kwenye vikoba na vijiwe vya kahawa, tangazo liwe la pumzi moja: nini, wapi, siku gani.

Kupima taka kabla ya kuanza: nyumba 10 kwa mtaa, siku 8, na siku ya kwanza haihesabiwi kwa sababu ina mrundikano wa nyuma. Msipime Ramadhani mkadhani ndiyo mwaka mzima. Glavu nene na viatu vya kufunika, si kandambili.

Bajeti: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango inapikwa miezi mingi kabla. Ombi la paa la ghala likifika kamati ya maendeleo ya kata mwezi Mei limechelewa, lipelekeni mwishoni mwa mwaka wa kalenda unaotangulia. Kikundi cha guta kikasajiliwe, kiombe mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Betri, taa za mirija, nepi na dawa zilizokwisha muda haziingii popote katika haya, tutazizungumza siku nyingine.

Mkutano ujao kila kamati ije na orodha ya wanunuzi: bidhaa, kilo za kuanzia, bei ya siku mliyouliza. Msije na mchoro wa fulana.

Naona mkono, ni habari ya chupa za mafuta ya kula. Ndiyo mama, zina wanunuzi, lakini zifungwe kiroba chake. Mafuta yakigusa zile za wazi, zote zinashuka daraja.