Stendi Kwanza au Lenzi Kwanza? Mhadhara kuhusu Vifaa vya Kupiga Mandhari na Mbio za Pikipiki

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Walio nyuma mnanisikia? Haya.

Nimeombwa nizungumzie lenzi, na swali lililowaleta wengi wenu hapa nalijua. Ndilo ninaloulizwa na kila mtu aliyenunua kamera juzi: "Ninunue lenzi gani itakayonipigia milima, na Jumapili ikinipeleka kwenye mbio za pikipiki inifae pia?" Jibu langu huwa haliwapendezi. Kwa mandhari, kama pesa ni kidogo, nunua stendi, ile ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera, kabla ya lenzi. Kwa mbio, nunua lenzi kabla ya kamera. Ukiupindua mpangilio huo utaliwa pande zote mbili. Muda uliobaki nitautumia kujitetea.

Tuanze na pikipiki, maana huko ndiko pesa zinakoungua.

Tazameni picha hii ukutani. Niliipiga mwaka wangu wa kwanza kwenda kwenye mbio, shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia, nimeiweka 1/4000 ya sekunde, najiona fundi. Sogeeni mwone. Matundu ya diski ya breki unaweza kuyahesabu. Kile kifuniko kidogo cha valvu kwenye rimu kinaonekana, hata maandishi ya pembeni mwa tairi yanasomeka. Na mpanda pikipiki amelala kwenye kona goti likigusa lami. Nilimwonyesha rafiki yangu kwa majivuno, akaitazama kitambo, kisha akaniuliza: "Huyu pikipiki imemzimikia?"

Alikuwa na haki. Nimeigandisha mpaka imekufa. Gurudumu lisilozunguka ni gurudumu la pikipiki iliyoegeshwa, hata kama kweli lilikuwa linakwenda kama risasi.

Tufanye hesabu ndogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 180 kwa saa inakata mita 50 kila sekunde. Shata ya 1/1000 inapofunguka na kufunga, pikipiki imeshasogea sentimita 5. Kwa 1/125 imesogea sentimita 40. Wakubwa wa mchezo huu ni balaa jingine: mwaka 2023 kule Mugello, Italia, mpanda pikipiki Brad Binder alipimwa kwenye MotoGP, mashindano ya juu kabisa ya mbio za pikipiki, akiwa na kilomita 366.1 kwa saa, ambayo ni zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Huyo hata 1/1000 anaiponyoka kwa sentimita 10.

Lakini sentimita hizo zina maana pale tu pikipiki inapopita mbele yako kwa ubavu. Ikikujia uso kwa uso, ndani ya fremu haisogei sana, inakua tu. Ndiyo maana swali la kwanza ni utasimama wapi. Mkao ukishaujua, lenzi na shata vinafuata vyenyewe. Pale inapokujia, 1/1000 inatosha, na mzigo wote unabebwa na fokasi. Pale inapokupita ubavuni, shusha hadi 1/125, ukizoea hata 1/60, uifuate kwa kamera. Miguu ielekee mahali utakapobonyeza, siyo mahali pikipiki inapotokea. Unajipinda kiunoni kwenda kuipokea, unaisindikiza, unabonyeza, na ukishabonyeza unaendelea kuisindikiza. Anayesimama ghafla baada ya kubonyeza ndiye anayelalamika kuwa lenzi yake mbovu. Mimi mwenyewe katika picha mia za namna hii nafurahi nikibaki na tano, na sioni aibu.

Kama lenzi yako ina kidhibiti mtikisiko chenye hali mbili, ile ya pili mara nyingi imewekwa kwa kazi hii hasa: inazuia mtikisiko wa juu na chini tu, mzunguko wa kiuno inauacha. Someni kijitabu. Najua hamkisomi.

Sasa urefu. Kati yako na njia ya mbio kuna changarawe, matairi na uzio, na vyote vimewekwa kwa ajili ya uhai wako, kwa hiyo usitafute pa kupenya. Zumu, yaani lenzi inayobadilika urefu, ya milimita 70-200 inatosha pale penye kona iliyo karibu na watazamaji. Kwingine utahitaji 100-400 au 150-600. Mwenye kamera ya sensa ndogo, sensa ikiwa kile kibao cha ndani kinachopokea picha, asione haya hapa: sensa inayokata mara 1.5 inaifanya 300 ione kama 450, na mfuko wako unapumua. Kiongeza urefu cha 1.4 kinakula hatua moja ya mwanga, yaani nusu yake, cha 2 kinakula hatua mbili. Cha 2 kwenye zumu mimi nilishakiuza.

Na zile lenzi nyeupe kubwa za 400 zenye f/2.8 (namba ya f ni ya tundu la kupitisha mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) mnazoona kwa wapiga picha wa magazeti? Nzuri, sikatai. Zina uzito wa karibu kilo 3 na bei ya kukutoa jasho. Ila mchana wa jua hesabu yake ni hii. Ukiwa na 400 kwenye f/5.6, pikipiki iko mita 30 kutoka kwako, sehemu itakayotoka kali haifiki hata mita 2 kwa kina. Pikipiki nzima ina urefu unaokaribia huo huo. Ukifungua hadi f/2.8 unabaki na chini ya mita 1: helmeti kali, gurudumu la nyuma limeyeyuka. Kwa hiyo f/5.6 siyo umaskini, tena wakati mwingine ndiyo unayoitaka. Tundu kubwa linakufaa jioni, linakufaa fokasi inapohangaika, na linakufaa sana penye uzio wa waya. Hapo isogeze lenzi karibu kabisa na waya, fungua tundu mpaka mwisho, na utafute waya ulio kivulini. Waya unaopigwa na jua hautoweki, unaacha ukungu mweupe picha nzima.

Jambo moja kuhusu kamera yenyewe, kisha niiache. Kamera za sasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani yake zina shata ya kielektroniki isiyo na mlio, na watu wanaipenda. Nyingi kati yake zinasoma sensa mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Kitu chenye kasi kinakuwa kimesogea kabla mstari wa mwisho haujasomwa, na gurudumu linatoka limeinama kama yai. Tatizo hili ni la zamani kuliko sisi sote humu ndani. Mfaransa Jacques Henri Lartigue, mwanzoni mwa karne ya 20, alipiga picha ya gari la mashindano ambalo magurudumu yake yameinama kwenda mbele na watazamaji wa pembeni wameinama kwenda nyuma. Shata yake ilikuwa pazia lenye mwanya uliopita polepole, naye alikuwa analifuata gari likamshinda kasi. Wengine wanasema ndiyo picha inayoonyesha mbio kuliko zote. Sawa, lakini kama humtafuti Lartigue, tumia shata ya kawaida. Sony walitangaza mwaka 2023 kamera ya a9 III ambayo sensa yake inasomwa yote kwa mpigo mmoja, na mwinamo huo haupo. Kwa anayeanza, hiyo ni pesa ya lenzi mbili.

Haya, tuhame. Mlima hauendi popote.

Hili ndilo linalobadilisha kila kitu. Kwenye mbio unanunua muda kwa bei kali, vipande vya sekunde. Kwenye mandhari muda ni wa bure. ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, iwe 100, tundu f/8 au f/11, shata ikitaka nusu sekunde ipe, ikitaka sekunde nne ipe. Lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera, ikikazwa kwenye f/8 juu ya stendi iliyotulia, itaiaibisha lenzi ya bei mbaya iliyoshikwa kwa mikono alfajiri.

Nasema "iliyotulia" kwa uchungu. Niliwahi kuwa na stendi nyepesi, ya kukunja ikaingia begini, miguu yenye vipande vitano. Nikaamka usiku, nikapanda, jua likachomoza kama lilivyoahidi. Nilikuwa nimeinua ile nguzo ya katikati mpaka juu ili nisiiname, na upepo ulikuwa mdogo tu. Kwenye kioo cha nyuma cha kamera kila picha ilionekana safi. Nyumbani nikazikuza: kila jiwe lina kivuli chake cha pili pembeni. Zote. Tangu siku hiyo nguzo ya katikati siiinui. Stendi inunuliwe kwa urefu wa miguu yake, na vipande vichache vina nguvu kuliko vingi. Bonyeza kwa kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise, na kama lenzi ni ya zamani kidogo, zima kidhibiti mtikisiko. Ikiwa juu ya stendi kinaweza kuutengeneza mtikisiko ambao haukuwepo.

Sasa lenzi pana. Kila mtu akisikia mandhari anakimbilia lenzi ya milimita 16. Anasimama wima, anaelekeza kwa mlima, na mlima unatoka kama kichuguu chini ya anga tupu. Lenzi pana inakikuza kilicho karibu na kukidogosha kilicho mbali, kwa hiyo lazima uipe kitu cha karibu: jiwe, maji, mzizi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa siyo methali, ni maelekezo ya kazi. Ukiwa na 24 kwenye f/8, weka fokasi kwenye kitu kilicho mita 2.4 mbele yako. Kuanzia mita 1.2 hadi upeo wa macho kila kitu kitatoka kwa ukali unaokubalika. Linganisheni na ile 400 ya mbioni: kwa f/5.6, umbali huo wa kuweka fokasi unakuwa karibu mita 950. Hizi lenzi mbili hazina undugu.

Wengine mtaniambia, basi nifunge tundu hadi f/22 nimalize ubishi. Hapana. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika, na picha nzima inapoteza makali. Kuna kundi la wapiga picha wa California lililoanza mwaka 1932, akiwemo Ansel Adams na Edward Weston, lililojiita f/64. Watu wanalisikia jina hilo wanadhani tundu dogo ndiyo siri. Wale walitumia kamera kubwa zenye filamu za hadi sentimita 20 kwa 25. Sensa yako ni milimita 24 kwa 36. Usivae kiatu chao.

Filta, kwa haraka: ya kupunguza mng'ao inafaa juu ya maji na majani mabichi, lakini kwenye lenzi pana sana italitia anga doa la buluu upande mmoja. Ya giza ya hatua 10 inageuza 1/30 kuwa sekunde 30 na ushee, maji yanakuwa moshi. Mimi moshi huo umenichosha.

Na sasa jibu nililokuwa nalificha. Picha zangu za milima ninazozipenda sikuzipiga na lenzi pana. Nilizipiga na 70-200, safu juu ya safu, kila safu na ukungu wake. Kwa hiyo yule anayetaka lenzi moja ya pande zote mbili, ndiyo hiyo, na ya f/4 inatosha. Lakini stendi bado inatangulia.

Nimeona mkono. Lenzi ya mtumba? Nunua, nyingi za kwangu ni za mtumba. Nenda na tochi, imulike kutoka nyuma, ichungulie kwa mbele ukiwa umefungua tundu lote. Vumbi lisikusumbue. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, irudishe. Hii niliyoshika ina mkwaruzo kwenye kioo cha mbele, urefu wa ukucha; ilinipunguzia bei, na hakuna aliyewahi kuuona kwenye picha. Mkwaruzo kama huu ungekuwa kwenye kioo cha nyuma nisingeigusa.

Nyingine ziko mezani, njooni mzishike. Ile ndefu ya mwisho ni ya kuazima na inarudi kwa mwenyewe kesho asubuhi, kwa hiyo mikono miwili tafadhali.