Kuendesha Ndege Ardhini Usiku

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Watu wakiogopa ndege, huogopa ile iliyo angani. Mimi leo nataka tubaki chini, usiku, kwenye viungio vinavyotoka maegesho kwenda njia ya kurukia.

Kwenye ramani kila kitu kimenyooka. Taa za buluu pembeni mwa kiungio, za kijani katikati, nyeupe pembeni mwa njia ya kurukia. Nyekundu zikikatiza mbele yako, simama. Lakini ukiwa umekaa kwenye kiti cha rubani, tena mvua inanyesha, unaona taa zimetapakaa tu, na kona unayoitafuta huioni mpaka umeshaifikia.

Tarehe 27 Agosti 2006, alfajiri ya giza, ndege ya shirika la Comair iliruhusiwa kuruka pale Lexington, Marekani, kwa njia namba 22. Ikaingia namba 26, fupi kwa nusu, haina taa hata moja. Wakiwa mbioni, rubani msaidizi akasema ni ajabu hakuna taa. Nahodha akaitikia. Ndege ikaendelea, ikaishiwa njia, ikaanguka. Kati ya watu 50, alipona huyo rubani msaidizi peke yake.

Namba hizo ni mwelekeo wa dira, jamani, bila sifuri ya mwisho. Njia kuu ya uwanja wa Dar es Salaam ni 05 ukielekea nyuzi 50 hivi, na 23 ukigeuka. Kwa hiyo wale wa Lexington walielekea 260 badala ya 220, na dira iko mbele ya macho yao.

Ila dira nayo ina mwisho wake. Taipei, usiku wa 31 Oktoba 2000, kimbunga kinavuma, Boeing 747 ya Singapore Airlines ilitakiwa iruke kwa njia iitwayo 05 kushoto, sambamba na nyingine iitwayo 05 kulia. Ikaingia hiyo 05 kulia, iliyofungwa kwa ujenzi. Dira haikuwa na la kusema, maana njia zote mbili zinaelekea upande mmoja. Taa za kijani za kuingia 05 kulia zilikuwa zimepangana vizuri; za kwenda mbele hadi 05 kushoto zilikuwa chache, nyingine mbovu. Ndege ikavaa mitambo ya ujenzi, wakafa 83 kati ya 179.

Na humo ndani ya ndege kulikuwa na kifaa cha kumwonyesha rubani mstari wa katikati. Hakikufunguka. Wakaliona hilo, wakalisema, wakaendelea kwa sababu njia walikuwa wanaiona kwa macho.

Mmesikia? Kote kuwili jambo la ajabu lilitamkwa kwa sauti, na mguu haukwenda kwenye breki. Angani huwezi kusimama, lakini kwenye kiungio unaweza. Simama, iambie mnara wa kuongozea ndege kwamba hujui ulipo, wakuelekeze kona baada ya kona au wakuletee gari la kukuongoza. Nyuma yako watanung'unika, waache. Mahali pasipofaa kusimama kimya ni juu ya njia ya kurukia yenyewe, maana hapo kuna mwingine anakuja kutua. Hapo sema mara moja, utoke haraka.

Haya, maswali.