Mama aliniuliza, "Ulimpa pole?": mazungumzo kuhusu intavyu ya udaktari Uingereza

Wazazi wangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini afu chai, na maandazi nimeshayaona pale nyuma kwaiyo msiwe na wasiwasi, sitazidisha.

Wazazi mliosoma nyumbani hii kitu inaweza kuwashangaza, manake kwetu Tanzania mtoto akifaulu PCB yake vizuri, fizikia, kemia na baiolojia, anaomba chuo, matokeo yanamsemea. Huku matokeo yanakufikisha mlangoni tu. Fomu ya UCAS, ile ya kuombea vyuo vikuu vya huku, kwa udaktari inafungwa katikati ya Oktoba, mapema kuliko kozi nyingi, unachagua vyuo vinne vya udaktari basi, UCAT, ule mtihani wa kuombea udaktari, ushaifanya kiangazi, afu unakaa unachungulia imeili kama mtu anayedai.

Ukiitwa, vyuo vingi sasaivi vinatumia MMI, yaani intavyu ndogondogo nyingi mfululizo. Oxford na Cambridge wana ya kwao, unakaa na walimu wanakubana na sayansi, ile sijaipitia so siisemei. MMI ilianzia Chuo Kikuu cha McMaster kule Hamilton, Canada, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliona mtu anaweza kung'ara kwenye jambo moja akaboronga jingine, kwaiyo badala ya jopo moja wakaweka stesheni 10, kila moja dakika 8, na kila moja ina mtahini wake. Idadi inatofautiana chuo na chuo ila mchezo ni uleule: nje ya mlango kuna karatasi, unaisoma, kengele inalia, unaingia.

Mwaka wa kwanza mi nilienda nimekariri. Baba alipiga shifti mbilimbili akanilipia kozi ya wikiendi, nikatoka na majibu kama kaswida, kwanini unataka udaktari, nguzo nne za maadili, kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, haki, ukinigusa tu natiririka. Nafika stesheni ya tatu, karatasi inasema umemgonga paka wa jirani na gari, amekufa, ingia umwambie. Jamani. Mi mtoto wa Tanga, paka kwetu anashinda sokoni anagombania vichwa vya samaki, nikajisemea hii ndo rahisi kuliko zote.

Naingia, kuna mama kakaa, mwigizaji lakini huwezi kujua, ananikaribisha chai. Nikamwambia paka wako nimemgonga, sorry, afu nikaanza kueleza, nilikua sina spidi, alitokea ghafla, nipo tayari kulipa gharama. Yule mama akaanza kulia, machozi kabisa, na mi ndo kwanza naeleza, nikaona labda hajaelewa nikarudia mambo ya spidi. Mtahini pembeni anaandika tu. Kengele.

Machi wakanikataa. Namhadithia mama jikoni, akaacha kukuna nazi akaniuliza, "Ulimpa pole?" Nikasema nilimwambia sorry. Akasema, "Sikuulizi kama uliomba msamaha. Nauliza ulimpa pole?"

Nilinyamaza. Kiingereza neno ni hilohilo moja, sorry yangu ilikua ya kujitetea, ya samahani, na yule mama alikua anahitaji ile nyingine. Na mi nimekulia kwenye misiba, najua ukifika unavua viatu, unakaa mkekani, unasema poleni, unanyamaza, hakuna anayeuliza marehemu alikufaje kabla hajakaa. Nililipiwa hela nyingi kusahau kitu ambacho bibi alinifundisha bure.

Mwaka ule nikafanya kazi nyumba ya wazee, nikarudi tena. Safari hii mwigizaji ni mwanafunzi mwenzangu amefeli mtihani. Nikakaa, nikampa pole, nikanyamaza. Ile sekunde kumi ya kunyamaza ilikua ndefu kama foleni ya Ubungo, ila akaanza kuongea mwenyewe, kumbe tatizo wala sio mtihani, ni nyumbani, na hiyo ndo iliyokua imefichwa mule. Stesheni iliyofuata ya hesabu za dozi ya dawa nikaboronga vibaya, nikakosea desimali, ila uzuri wa MMI mtahini wa chumba kingine hajui umetoka kulia wapi, ukifunga mlango umefunga.

Kuna ile ya binti wa miaka 14 anataka vidonge vya uzazi wa mpango na hataki wazazi wajue... naona akina mama mnanitazama. Sheria ya hapa inaangalia kama binti anaelewa anachoomba, tangu kesi ya Gillick ya 1985, lazima muijue, mtajadili nyumbani mi nikishaondoka.

Na macho. Sie tumefundishwa kuangalia chini mbele ya mkubwa, mtahini wa huku anaona unaficha kitu. Fanya mazoezi na shangazi, mwambie leo nakukodolea macho kwa ruhusa, asije akakuzaba kofi.

Nimeongea sana. Nahitaji mtu mmoja aje hapa mbele. We kijana wa jezi ya Yanga, ndio wewe, usiangalie nyuma. Mi ni jirani yako, paka wangu umemgonga asubuhi, karibu ndani. Dakika tano, nahesabu kuanzia sasaivi.