Uko smart, lakini smart ya wapi?

Sasa watu wangu, mko poa? Leo hakuna theluji ya Minneapolis, kule Marekani ninakofanya kazi. Niko nyumbani Nairobi, likizo ya wiki tatu, nimekaa hapa bustani ya Jeevanjee, na huyo mnayemsikia ni mhubiri na spika yake. Tumvumilie tu.

Nimetoka kupigwa rangi ya viatu hapo kando. Mzee amesugua, akapuliza, akavuta kitambaa mpaka kikalia kwii kwii, halafu akainua kichwa: "Haya bosi, sasa uko smart." Nikacheka peke yangu. Neno hilo limewahi kuniponza.

Wiki yangu ya kwanza kazini huko, mama mmoja wa ofisini alikuja na suti ya bluu, imemkaa sawasawa. Nami kijana wa mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa heshima zote, nikamwambia, "You look smart today." Akanikazia macho. "Leo? Na siku zingine naonekana vipi?" Kumbe kwa Mmarekani smart ni akili! Nilikuwa nimemwambia leo angalau anafanana na mtu mwenye akili.

Sisi tulirithi ya Waingereza: shati limepigwa pasi, tai imekaa wima. Ile ya akili tunaijua pia, ndiyo maana hii ninayorekodia ni simu janja, si simu nadhifu. Na mkiona kioo chake kilivyopasuka, mtakubali.

Halafu mkubwa wako akikwambia "Don't get smart with me", usiseme asante. Anakwambia uache ujuaji.

Nilipochimba, nikakuta zaidi ya miaka 1000 iliyopita neno hili lilikuwa la maumivu: kiboko kinachochoma. Mjerumani mpaka leo maumivu anaita Schmerz, ukoo mmoja. Hata Kiingereza cha sasa, moshi ukiingia machoni, macho "yana-smart". Kutoka kwenye kuchoma likaenda kwenye wepesi, likafika kwenye akili, kisha likavaa nguo. Mnashangaa? Na sisi je? Pilipili kali, akili kali, halafu mtu anapita hapa Moi Avenue, mnasema, "Cheki hiyo suti, ni kali!" Njia ni ile ile.

Nikirudi kazini, yule mama akivaa tena ile ya bluu, nitamwambia suti imependeza. Suti haitaniuliza jana ilikuwaje.