Chuchu za Mwanamume: Mazungumzo Barazani, Mji wa Kale

Asalaam aleikum, wazee wangu, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta huko nyuma.

Ijumaa iliyopita kijana mmoja aliuliza hapa hapa: mwanamume ana chuchu za nini, na hanyonyeshi? Wakubwa wakacheka, akainamisha kichwa. Mimi ni muuguzi, na kicheko kile kiliniuma, kwa kuwa nawajua wanaume waliokiogopa wakachelewa kutibiwa.

Turudi tumboni mwa mama. Wiki ya tano tangu mimba kutungwa, mtoto hazidi punje ya hindi. Ngozi yake inatunga mistari miwili, kila upande mmoja, toka kwapani hadi kinenani. Huo ndio mstari wa maziwa. Mtazameni paka anayelala chali pale soko la samaki: chuchu zake zimejipanga kwenye mstari huohuo, awe jike au dume. Kwetu sisi mstari hufifia, ukabaki kifuani tu. Mara nyingine huacha alama ya chuchu ya tatu chini ya titi, na mtu huishi nayo akidhani ni baka la kuzaliwa.

Sasa, amri ya kuwa mwanamume inatoka wapi? Kwenye kromosomu Y, yaani uzi wa urithi walio nao wanaume, kuna jeni, agizo moja la urithi, iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990. Kuelekea wiki ya saba ndipo inapoanzisha korodani, na homoni za kiume zinafuata baadaye. Amri hiyo ikifika, ule mstari ushachorwa. Wapo wasemao kwamba kila mwanamume alianza akiwa mwanamke. Si kweli. Wote tulianza na ramani moja, na chuchu zimo ndani yake kabla njia hazijagawanyika. Kwa kuwa hazimdhuru mwanamume, hakuna kilichozifuta.

Wala si nyama iliyokufa. Mishipa ya fahamu inazifikia, na chini yake mna misuli midogo; ndiyo maana upepo wa kusi ukikupiga nawe umetoka majini, zinasimama. Ndani mna mirija ya maziwa, michache na myembamba.

Kwa mirija hiyo, mtoto mchanga, hata wa kiume, huweza kuvimba matiti na kutoa tone la maziwa, kwa homoni alizopata kwa mama. Mwanangu yalimtokea. Shangazi yake akayakamua kwa mafuta ya nazi moto, kwa nia njema kabisa. Siku ya nne pakawa na jipu, na mtoto akalia usiku kucha. Tafadhalini, msikamue. Hupungua yenyewe.

Na nyinyi mnaobaleghe: ukikuta kifundo kama kifungo cha shati chini ya chuchu, kinauma ukikigusa, ni homoni. Kwa wengi huondoka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Usiache kuogelea kwa sababu yake.

La kutisha ni saratani. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, mmoja hivi ni mwanamume, na wengi wao ni watu wazima wa miaka 60 na kitu. Nilimpokea mchukuzi mmoja, fulana yake ina doa la damu la ukubwa wa shilingi kumi, palepale penye chuchu. Miezi minane alikuwa akibandika plasta, akisema ni gunia limemkwaruza. Mkewe hakujua. Aliona haya kutamka neno titi. Ikiwa mama yako au dada yako aliugua, nawe uwe macho, maana jeni za hatari hupita kwa wanaume pia.

Niwaonyeshe. Ukioga, mkono una povu, laza vidole vitatu hivi, zungusha pole pole kuanzia kwenye chuchu hadi kwapani. Unatafuta kifundo kigumu, mara nyingi hakiumi. Tazama pia chuchu iliyoingia ndani, kidonda kisichopona, au majimaji yenye damu. Ukiona lolote kati ya hayo, usingoje mwezi uishe. Na ukiona haya mbele ya watu, niite pembeni baada ya kahawa. Tutaongea wawili tu.