Mabarmaki: Ukoo Ulioanguka Usiku Mmoja

Jaafar, yule waziri mnayemsikia kwenye ngano akizunguka Baghdad usiku na khalifa wake, alikuwa mtu wa kweli, na kichwa alikatwa kweli. Leo nawasimulia ukoo wake, Mabarmaki.

Mababu zake walikuwa wakuu wa hekalu la Wabudha la Nawbahar, huko Balkh, Afghanistan ya leo, wakirithishana baba kwa mwana. Baadaye Khalid bin Barmak, Mwislamu, akajiunga na Waabbasi, ukoo wa makhalifa uliowapindua watawala wa kabla yao, Bani Umayya, mwaka 750, akapewa hesabu za dola. Mwanawe Yahya, baba yake Jaafar, akakabidhiwa kumlea Harun Rashid, khalifa wa baadaye, yule wa kwenye ngano. Hapo ndipo mambo yalipowanyookea. Mke wa Yahya alimnyonyesha Harun, na Khayzuran, mama yake Harun, akamnyonyesha Fadl bin Yahya. Ndugu wa kunyonya, jamani! Harun akawa anamwita Yahya baba.

Khalifa Hadi alipotaka kumwengua Harun, mdogo wake, kwenye urithi, Yahya alikataa katakata, akafungwa. Hadi akafa mwaka 786. Harun akawa khalifa, akampa Yahya muhuri wa dola, na kwa miaka 17 dola ikaendeshwa na mzee huyo na wanawe Fadl na Jaafar.

Kwa nini basi Harun aliwageuka? Wengi hupenda kisa cha Abbasa, dada wa khalifa, eti aliozwa Jaafar kwa sharti wasigusane. Mimi sikiamini, na mwanahistoria Ibn Khaldun alishakikataa zamani. Yeye alisema tatizo ni hazina iliyokuwa mikononi mwao: khalifa aliomba fedha kidogo tu, asipewe.

Januari 803, akirudi kutoka hija, Harun alipiga kambi karibu na Anbar. Usiku akamtuma Masrur, mtumishi wake, akalete kichwa cha Jaafar. Mwanahistoria Tabari anasimulia kuwa Jaafar alikuwa akiburudishwa na mwimbaji kipofu. Akamsihi Masrur arudi kwanza akaulize tena, huenda bwana amelewa. Masrur akarudi, akatukanwa, akatumwa tena. Mwili ulipasuliwa vipande viwili, ukatundikwa kwenye madaraja ya Baghdad.

Fadl alishawahi kuwa liwali wa Khurasan nzima, jimbo kubwa la mashariki mwa dola, lakini hakuna jeshi lililoinuka kuwatetea. Vyeo vyote walivipata kwa mkono mmoja, na mkono uleule ukavichukua. Yahya alifia kifungoni mwaka 805, Fadl 808. Harun akafuata 809, na wanawe, Amin aliyelelewa na Fadl na Maamun aliyelelewa na Jaafar, wakapigana hadi Baghdad yenyewe ikazingirwa.